Umeumwa na Nini

Kwa miaka thelathini na moja Sista Dakika alikuwa na swali moja tu la kumwuliza mtu aliyeingia chumba cha kufungia vidonda akichechemea, na swali hilo aliwafundisha wauguzi wote waliopita mikononi mwake. Usimwulize mgonjwa unaumwa nini, alikuwa akiwaambia. Ukimwuliza hivyo atakujibu anaumwa mguu, na mguu hata kipofu ataupapasa aujue. Mwulize umeumwa na nini. Hiyo "na" ndogo ndiyo yenye kidonda. Mmoja anaumwa mguu kwa kuwa aliteleza bafuni, mwingine anaumwa mguu kwa kuwa ameumwa na mbwa, na ukiwachanganya hao wawili, mmoja wao utamzika.

Jina la Dakika walimbandika wanafunzi. Jeraha la meno ya mnyama huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, na yeye alikuwa akisimama kando ya bomba, saa mkononi, mgonjwa analia, mwanafunzi anatokwa jasho, na ikifika dakika ya kumi na nne mtu akithubutu kunyoosha mkono kufunga koki, alimpiga kidogo vidole. "Kumi na nne si kumi na tano." Juu ya bomba hilo alibandika kibao alichokiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Alistaafu, kibao kikabaki.

Basi ni yeye huyo, si mwingine, ambaye Jumamosi moja alasiri alilala kwenye kitanda cha chumba kilekile, akitazama kibao chake mwenyewe, akimwambia tabibu kwamba amekatwa na bati.

Hakukatwa na bati. Aliumwa na mbwa wa jirani yake, akiwa anaiba malimau.

Tuseme ukweli, malimau yenyewe hayakuwa na thamani ya kumwumbua mtu mzima. Dukani yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya kiberiti. Lakini Mama Mapacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na mlimau uliozaa mwaka mzima, na miaka miwili nyuma wanawake hao wawili waligombana kwa sababu ya ua wa michongoma ulioota ukasogea hatua moja upande wa mmoja wao. Nani alisogezewa, kila mmoja alikuwa na jibu lake. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za kuokota, na Sista Dakika aliapa kwamba hataomba kitu katika nyumba ile hata chumvi. Akatimiza. Hakuomba. Kila Jumamosi Mama Mapacha alipokwenda sokoni, yeye alipenya pengo la ua na kujichumia mwenyewe manne matano, akarudi anapika chai huku akijiambia kwamba mti ule ulikuwa karibu uwe wake.

Mbwa hakuwahi kumsumbua. Alikuwa mbwa wa kahawia, mzee, aliyeingia kwa Mama Mapacha siku moja kama mgeni, akala, akalala, asiondoke tena, ndiyo maana wakamwita Shemeji. Sista Dakika alikuwa akimrushia mifupa juu ya ua, kwa hiyo walikuwa na maelewano yao. Lakini Jumamosi ile Shemeji hakutikisa mkia wala hakubweka. Alitoka nyuma ya banda kimya kimya, akamng'ata nyuma ya muundi, akavuta, nyama ikachanika, kisha akamwachia na kuondoka akiyumba kidogo, kama aliyesahau alichokuja kufanya.

Sista Dakika alijua maana yake. Mbwa anayekujua, akakung'ata bila kubweka, huenda ana kichaa; hilo ni somo la siku ya kwanza. Alirudi kwake akiburuza mguu, akafungua bomba la uani, akaanza kuosha kwa sabuni ya kufulia. Akahesabu. Dakika ya tatu akasikia geti la jirani likifunguliwa. Mama Mapacha amerudi mapema, na bomba la uani linaonekana kutoka kwake. Mwanamke aliyewapiga wauguzi vidole kwa kuiba dakika moja alifunga koki, akazoa malimau yake, akaingia ndani.

Damu ilipokataa kukatika ndipo akaenda kituo cha afya. Tabibu wa zamu alikuwa kijana aliyefundishwa naye, wa mwisho kabla hajastaafu. Alipomwona mwalimu wake akiletwa kwa kiti cha magurudumu, alisimama wima kama yuko paredi. Na kwa heshima yote aliyokuwa nayo akauliza, "Pole sana, Mama. Unaumwa nini?"

Hakuuliza ile "na". Miaka mitatu nyuma angefukuzwa chumbani kwa kosa hilo. Sista Dakika aliusikia mlango ule mdogo ukifunguka mbele yake, na badala ya kumrudi, akapita.

"Mguu," alisema. "Nimekatwa na bati."

Tabibu aliinama kutazama. Kulikuwa na mchano mrefu, na pembeni yake vitundu viwili, virefu kwenda ndani. Akavigusa na pamba. Na hivi? Misumari ya bati, akajibiwa. Kijana alimtazama mwalimu wake usoni, kisha akasema sawa Mama, akachoma ganzi na sindano ya pepopunda, akatoa uzi. Jeraha la bati hushonwa. Jeraha la mbwa lenye hatari ya kichaa halishonwi hivi hivi na kufungiwa uchafu ndani, na hili Sista Dakika alilisema mara elfu katika chumba hiki. Alihesabu nyuzi. Moja, mbili, tatu. Kila uzi ulikuwa nafasi ya kusema, na kila uzi ulipita. Wa tano ulipokazwa akasema ahsante mwanangu, akajisikia mdogo kuliko alivyowahi kujisikia maishani mwake.

Nyumbani akajitengenezea hesabu. Mbwa akibaki mzima siku kumi, hakuwa na kichaa. Basi atamtazama siku kumi kupitia ua, na hakuna atakayejua lolote. Ni hesabu ya kweli, imo vitabuni, ila vitabu havikusema mtu aitumie kukwepa chanjo. Jumapili Shemeji alikula. Jumatatu hakuonekana. Jumanne mguu ulikuwa umevimba na kung'aa, unapigapiga kama una moyo wake, na ng'ambo ya ua ilisikika sauti ya kukwaruza ambayo haikuwa kubweka wala kulia. Sista Dakika alijifunika shuka mpaka kichwani. Angeweza kwenda kituoni. Zilikuwa hatua mia tatu. Lakini kila alipowaza kwenda, aliwaona wauguzi vijana wakiuliza mbwa gani, wa nani, ulikuwa wapi, na mwisho wa maswali yote ulikuwa mlimau.

Tena haukuwa mlimau tu. Miezi miwili kabla, Mama Mapacha alipogundua mti wake unapukutishwa, alimwuliza jirani yake juu ya ua, kwa ile sauti yao ya baridi, kama amemwona mtu akiingia. Na Sista Dakika akajibu kwamba yeye si mlinzi, ila wanaoingia kwako si wewe mwenyewe unawaajiri? Aliyeingia pale alikuwa mmoja tu, dada wa kufua nguo. Siku hiyohiyo Mama Mapacha alimfuata mpaka duka la kona, akamwaga mfuko wake mbele ya watu, likatoka limau moja. Dada alisema amelinunua hapohapo dukani. Mwenye duka alikuna kichwa, hakukumbuka. Kazi ikaishia pale. Sista Dakika alikuwa kwenye foleni ya dukani siku ile, kifurushi cha sukari mkononi. Alitazama kila kitu, akalipa, akaenda zake.

Jumatano asubuhi akasikia hodi. Alipofungua alimkuta Mama Mapacha, ambaye hakuwa amekanyaga kizingiti kile kwa miaka miwili. Amejifunga kitambaa kwenye vidole vya mkono wa kulia na uso umemlegea. Hakuzunguka. Alisema hakuja kwa ajili ya ua, amekuja kwa muuguzi. Shemeji amekwamwa na mfupa kooni. Tangu juzi hali, udenda unamtiririka, maji akiyaona anahangaika, sauti imekauka. Jana na leo amemwingiza mkono mdomoni, akaonyesha mpaka wapi, hadi kwenye kifundo, lakini mfupa haupati. Je, ipo dawa ya kulainisha?

Sista Dakika alitazama kitambaa. "Hivyo vidole vimefanya nini?"

"Jino limenikwaruza. Si kitu."

"Mbwa yuko wapi sasa?"

Amemfungia bandani, alisema, asije akahangaika barabarani. Sista Dakika akashika mwimo wa mlango. Akamwambia asimfungulie, asimguse, amwite bwana mifugo, na yeye mwenyewe aende kuchanjwa sasa hivi, si kesho. Aliyasema kwa sauti yake ya kazi, akitumaini sauti itatosha. Haikutosha. Mama Mapacha alirudi nyuma hatua moja na uso wake ukafunga. Alikumbusha kwamba ni Sista huyuhuyu aliyewahi kulalamika, ugomvi wa ua ulipoanza, kwamba mbwa anampigia kelele, na sasa amepata njia ya kumwulia mbwa wake.

"Mbwa wa kichaa anauma watu," alisema. "Huyu wangu amemwuma nani? Nitajie mtu mmoja."

Lilikuwa swali la haki, na katika mtaa mzima alikuwapo mtu mmoja wa kulijibu. Asipolijibu, mwanamke huyu angerudi nyumbani, angeingiza tena mkono kutafuta mfupa usiokuwapo, na baada ya wiki kadhaa angekufa akiogopa maji. Sista Dakika aliwahi kuwaona wawili wakifa hivyo. Alitamani kuwe na njia nyingine. Aliitafuta kweli, pale mlangoni, kwa aibu, kama mtu anayepapasa mifuko yake akijua haina kitu.

"Ameniuma mimi," alisema. "Jumamosi."

"Jumamosi mimi sikuwapo."

"Najua hukuwapo."

"Amekuuma wapi?"

"Mguuni."

"Nauliza wapi."

"Chini ya mlimau wako," alisema Sista Dakika, akitazama miguu yake mwenyewe.

Mama Mapacha hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimtazama, akautazama mguu uliofungwa, akatazama nyuma ya bega lake hadi mezani, ambako malimau mawili ya Jumamosi yalikuwa bado kwenye kisahani.

"Mimi nimemfukuza mtu kazi kwa mlimau ule," alisema polepole. "Nimemwaga mfuko wake dukani."

"Nilikuwapo."

"Ulikuwapo."

"Twende hospitali kwanza," alisema Sista Dakika. "Utanitukana njiani."

Lakini njiani hakumtukana. Walitembea hatua mia tatu zile, mmoja anachechemea, mwingine ameinua mkono, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa Mama Mapacha alipompigia simu bwana mifugo.

Tabibu kijana alikuwa zamu. Alipomwona mwalimu wake na mguu uliovimba, alisimama tena, lakini safari hii hakukaa wima sana. Sista Dakika aliketi, akamwambia, "Niulize upya. Ulivyofundishwa."

Kijana akachukua kalamu. "Umeumwa na nini, Mama?"

"Na Shemeji."

Kalamu ikasimama. Muuguzi mwanafunzi nyuma ya pazia alipaliwa na kitu. Ilibidi Mama Mapacha aseme, kwa sauti kavu, kwamba Shemeji ni mbwa. Siku nyingine wangecheka wote mpaka machozi. Tabibu aliandika mbwa, akafika safu ya mazingira ya tukio, akaanza kuandika kwa upole kwamba mgonjwa alikuwa akipita. Sista Dakika aliweka kidole kwenye karatasi. Kitabu hakidanganywi, alisema. Kimedanganywa Jumamosi, inatosha. Andika alikuwa akiiba malimau. Kijana akaandika, masikio yamemwiva.

Alipokuwa akikata nyuzi tano alizoshona mwenyewe, na usaha ukatoka, alisema bila kuinua kichwa, "Nilijua si misumari. Niliviona vile vitundu."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuogopa, Mama."

Katika yote ya wiki ile, hili ndilo lililomchoma ndani kabisa. Miaka thelathini na moja alidhani amewafundisha watu kuuliza. Kumbe aliwafundisha kumwogopa, na woga huo ungemuua.

Wakaoshwa kwenye bomba lilelile, chini ya kibao kilekile. Mama Mapacha alianza, kisha akashikishwa saa kumsimamia mwenzake. Kidonda kibichi kilichofunguliwa siku ya nne si mchezo. Dakika ya tisa Sista Dakika aliuma upindo wa khanga, dakika ya kumi na moja akauliza kwa sauti ndogo kama bado. Mama Mapacha alitazama saa, hakumtazama yeye.

"Bado nne," alisema.

Wakachomwa dawa ya kinga, kuzunguka kidonda na kuzunguka vidole, kisha chanjo ya kwanza begani. Tabibu aliwaambia ukweli wote: siku nne si sawa na siku ya kwanza, lakini mlango haujafungwa, wasikose hata sindano moja. Shemeji alikufa Alhamisi. Bwana mifugo alichukua kichwa kwa vipimo, majibu yakarudi kwamba ndicho kichaa chenyewe.

Siku za sindano walikaa benchi moja kwenye korido, na katikati yao wakaacha nafasi ya mtu. Hakuna aliyeipanga, ila hakuna aliyeisogelea. Siku ya sindano ya tatu Mama Mapacha alisema, akitazama ukuta, kwamba ameshakwenda kwa yule dada kuomba radhi, na hakupokewa vizuri, na amestahili.

"Sijakutaja," alisema. "Nimemwambia aliyeiba anajijua. Mdomo wangu sikuazimi."

Sista Dakika alichomwa sindano yake, akashukuru, na badala ya kwenda nyumbani akaenda mtaa wa nyuma, kwenye chumba chenye kamba za nguo kuanzia mlangoni hadi kwenye choo. Dada wa kufua alikuwa ameinamia beseni, povu mpaka kwenye viwiko, mafungu matatu ya nguo za watu yakimsubiri. Alimwamkia kwa adabu, akamsogezea kigoda kwa mguu. Sista Dakika hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama, yote, tangu limau la kwanza, na lile neno alilolisema juu ya ua, na kifurushi cha sukari.

Dada hakuacha kufua. Alikamua shati, akalikung'uta, akalianika, akarudi.

"Mwanangu aliitwa mtoto wa mwizi shuleni," alisema. "Wiki tatu."

"Nisamehe, binti yangu."

"Wewe umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua sikuiba." Alifuta mikono kwenye nguo yake. "Waliomwagiwa mfuko wangu ni watu wa dukani."

Sista Dakika alielewa. Akafikiria kusema mguu unamsumbua, aje kesho, aje mguu ukipona. Akauliza, "Leo?"

"Mimi sikupewa kesho."

Wakaenda, dada mbele na mikono bado mibichi, Sista nyuma akichechemea. Dukani palikuwa na foleni kama kawaida ya jioni: mama wa mkaa, fundi viatu, wanawake wawili wa mtaa wa chini, na mwenye duka nyuma ya wavu. Walipomwona mzee wao na bandeji yake wakampisha mbele, maana mtaa mzima ulikuwa umewahi kupita mikononi mwake. Dada wa kufua alisimama pembeni, palepale mfuko wake ulipomwagwa, akakunja mikono.

"Pole, Sista," mama wa mkaa alisema kwa huruma. "Unaumwa nini?"

Angeweza kusema mguu. Alimtazama dada, akawageukia.

"Mmeniuliza vibaya," alisema. "Niulizeni nimeumwa na nini, na nilikuwa wapi."